Maandishi ya tovuti ya SACCOS: watu wanafungua ukurasa wa mikopo halafu bado wanapiga simu kuuliza. Niandikeje?

msaidizi_moro

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya kuandika kwenye tovuti. Nipo ofisi ya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, cha wafanyakazi hapa Morogoro, wanachama wengi ni walimu, manesi na watumishi wa halmashauri, wastaafu nao wapo. Tovuti tunayo, kijana aliyeitengeneza kafanya kazi nzuri, kwenye simu inafunguka vizuri tu, ila maandishi yake yalitolewa kwenye masharti ya chama na taarifa ya mkutano mkuu yakabandikwa vilevile. Sasa mwenyekiti kanikabidhi kazi ya kuyaandika upya.

Shida ni hii, takwimu za tovuti zinaonesha watu wanaingia kwenye ukurasa wa mikopo na ni wengi, halafu muda si mrefu simu ya ofisi inaita, mtu anauliza kitu ambacho kimeandikwa kwenye ukurasa huohuo aliotoka kuufungua. Mwezi wa kwanza wakati wa ada ndo balaa, dada wa mapokezi hapumui.

Nawawekea aya ya kwanza ilivyo sasa:

"Chama kinatoa huduma za mikopo ya aina mbalimbali yenye masharti nafuu kwa wanachama wake kwa kuzingatia Sheria, Kanuni, Sera ya Mikopo na miongozo mingine itakayokuwa ikitolewa na mamlaka husika mara kwa mara, ambapo mwanachama anayehitaji kunufaika na huduma hiyo atatakiwa kuwa ametimiza vigezo vyote vilivyoainishwa katika sera husika ikiwa ni pamoja na kuwasilisha fomu ya maombi iliyojazwa kikamilifu."

Juu yake kuna picha ya bodi na salamu za mwenyekiti, chini kabisa kuna fomu ya PDF iliyoskaniwa. Nifupishe tu au kuna namna nyingine? Wajumbe wengine wanasema nikirahisisha sana tutaonekana hatuko rasmi.

---

kalamu_nyeusi

Mkuu kabla hujafuta hata neno moja nenda kwa huyo dada wa mapokezi. Muombe aandike kwenye daftari kila swali linaloingia kwa simu, aliandike kwa maneno ya mpigaji mwenyewe asilisafishe. Mtu hasemi "naomba kufahamu vigezo vya mkopo wa elimu", anasema "dada nina akiba laki nane naweza kupata ngapi na inatoka lini, shule zinafungua jumatatu". Hapo ameshakuandikia ukurasa. Anataka kujua atapata kiasi gani, itatoka lini, aje na nini, atakatwa shilingi ngapi kwa mwezi. Haya manne yakae juu kabisa, kabla ya salamu na kabla ya picha ya bodi, na yapangwe kwa kufuata wingi wa maswali kwenye daftari maana ulichoulizwa sana ndo kinatangulia.

Hiyo aya uliyoweka ina maneno zaidi ya hamsini na nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu la hata moja kati ya hayo manne, halimo. Kinachopatikana ni kwamba mikopo ipo na kuna fomu. Kwa hiyo mwanachama anayepiga simu sio mvivu wa kusoma, kasoma na hakukuta kitu, na ndo maana kufupisha peke yake hakutakusaidia, utapata aya fupi isiyo na jibu.

Kingine ujue watu hawasomi ukurasa wa tovuti kama wanavyosoma barua. Mwaka 1997 mtafiti Jakob Nielsen aliwaangalia watu wakitumia tovuti akakuta asilimia 79 ya aliowapima wanapitisha macho tu juujuu kila wakifungua ukurasa mpya, waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Mwaka 2006 watu wake wakafuatilia mwendo wa macho kwa mitambo wakaona kwenye kurasa nyingi jicho linasoma mstari wa juu, linashuka kidogo linasoma mwingine lakini sio mpaka mwisho, halafu linateremka kwa kubaki upande wa kushoto, ukichora inatoka kama herufi F. Sasa chukua hilo uje nalo kwenye kiswahili chetu. Vichwa vyako bila shaka viko hivi:

Utaratibu wa kupata mkopo wa dharura
Utaratibu wa kupata mkopo wa elimu
Utaratibu wa kupata mkopo wa maendeleo

Mtu anayeshuka na jicho upande wa kushoto anaona utaratibu wa kupata, utaratibu wa kupata, utaratibu wa kupata. Neno analolitafuta lipo mwishoni kule ambako jicho halifiki, na kwenye simu ndogo linakatika linaangukia mstari wa pili. Lugha yetu inatutega hapa kwa sababu ya hii "ya, wa, cha", kile kinachotofautisha kitu na kitu kinakuja mwisho wa maneno. Kigeuze kichwa, lianze lile neno la tofauti: "Ada ya shule: kopa hadi mara tatu ya akiba", "Dharura: pesa ndani ya siku mbili", "Kujenga au kununua kiwanja". Umenipata?

Na hao wajumbe wanaoogopa kuonekana sio rasmi waambie serikali ya Uingereza mwaka 2012 ilianza kukusanya tovuti zake kwenye moja inayoitwa GOV.UK, na mwongozo wao wa uandishi ukaweka kikomo cha maneno 25 kwa sentensi. Mule kuna kodi, pasipoti, pensheni, mambo ya sheria tupu. Marekani ndo walipitisha sheria kabisa, 2010, kwamba idara za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka. Sasa kama serikali zinaandika sentensi fupi, SACCOS inaharibikiwa nini? Masharti ya chama na sera ya mikopo viache vilivyo, viwekee ukurasa wake, anayetaka kifungu atakikuta huko.

---

fundi_wa_kurasa

Naongezea dogo tu. Angalia jina la ukurasa, lile linalotokea juu kwenye kichupo cha kivinjari na ndo mara nyingi Google inaonesha kwenye majibu yake. Tovuti nyingi za huku ukiangalia pale imeandikwa "Nyumbani" au "Mikopo" basi. Mikopo ya nani? Andika "Mkopo wa ada: kiasi, riba na fomu" halafu jina la chama lifuate nyuma. Usizidishe sana herufi 60 hivi, kwenye simu litakatwa mwisho.

Na ile fomu iliyoskaniwa mkuu ni picha. Mtu wa bando la mia tano akiigusa bando lote limeondoka nayo, maandishi yaliyomo ndani huwezi kuyatafuta wala kuyakuza yakakaa sawa. Fomu ibaki kwa wa kuichapisha, ila orodha ya vitu vya kuja navyo iandike kwenye ukurasa wenyewe kama maandishi, na pembeni ya fomu useme ina kurasa ngapi na uzito gani ili mtu aamue kabla hajapakua.

---

bi_mkubwa_tanga

Wanangu nimewasoma, kalamu_nyeusi umesema vizuri sana hasa hilo la daftari. Ila mie nina neno. Nimefundisha kiswahili miaka mingi na sasa nipo kwenye kamati ya mikopo ya chama chetu huku Tanga, nawajua wanachama. Mkishaambiwa muandike kwa ufupi vijana mnakimbilia amri: Leta kitambulisho. Jaza fomu. Lipa kiingilio. Subiri. Mstaafu wa miaka sabini anaambiwa "leta" na kioo cha simu, tena pesa ni zake! Kiswahili kina njia ya kuwa kifupi na kuwa na heshima kwa pamoja, useme "uje na kitambulisho", "ujaze fomu", au "utahitaji vitu hivi". Ni herufi moja mbili zimeongezeka, adabu yote imerudi. Na neno "tafadhali" lisiwe kila mstari, likikaa mwanzoni mara moja linatosha, likirudiwa kila mahali linachosha kama kengele.

Jambo lingine ni kumwita mtu "mwanachama", "mwombaji", "mdhaminiwa", "mkopaji" ndani ya ukurasa mmoja, yote hayo ni yeye huyohuyo anayesoma. Nimeona mtu anauliza mwombaji ni yeye au ni yule anayemdhamini. Mwambieni "wewe" toka mwanzo hadi mwisho, na wengine ndo muwape majina: mdhamini, mwajiri, kamati.

Na maneno yawe yale wanayoyasema. Kwenye sera imeandikwa "hati ya malipo ya mshahara", mwalimu wangu mimi anasema salari slipu toka aanze kazi. Basi yaandikwe yote mawili mara ya kwanza, "hati ya mshahara, yaani salari slipu", baadae litumike moja lilelile mpaka mwisho. Tatizo la wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha, kwa hiyo mtu anaandika rejesho, marejesho, makato, malipo ya mkopo, kumbe anasema kitu kimoja. Kwenye insha sawa, kwenye ukurasa wa pesa msomaji anadhani ni makato manne tofauti.

---

kalamu_nyeusi

Shikamoo bibi. Nimeipokea ya "uje na", ni kweli kabisa inasomeka vizuri zaidi. Ningebakiza amri kwenye vitufe tu, "Ingia", "Jisajili", "Pakua fomu", pale watu wameshazoea na nafasi ni ndogo.

---

bi_mkubwa_tanga

Marahaba mwanangu. Kwenye vitufe sina ugomvi.

---

hesabu_kwanza

Mmeongea yote mkasahau riba, na humo ndo wanachama wanaumia. Najua ukurasa wenu umeandika "riba nafuu ya asilimia 1.5 kwa mwezi" ukaishia hapo, kila SACCOS inaandika hivyo. Nafuu toa, kila mkopeshaji anasema yake ni nafuu hata yule wa mtaani anayeshikilia kadi ya benki ya mwalimu. Halafu asilimia 1.5 ya nini? Ya mkopo wote mpaka mwisho au ya salio linalobaki? Ni vitu viwili vya mbali kabisa, hebu tupige hesabu ya milioni 1 kwa miezi 12.

Kama riba ni ya mkopo wote, kila mwezi ni 15,000, mara 12 ni 180,000. Unarudisha 1,180,000 na kila mwezi unakatwa kama 98,333.

Kama riba ni ya salio na mtaji, yaani ile milioni yenyewe, unarudishwa kwa mafungu sawa, mwezi wa kwanza riba ni 15,000, wa pili ni 13,750, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho ni 1,250. Jumla ya riba ni 97,500, unarudisha 1,097,500.

Tofauti ni 82,500, hiyo ni sare na viatu vya mtoto. Na ona kitu kinachowachanganya watu, kato la mwezi wa kwanza ni 98,333 kwa njia zote mbili! Kwa hiyo mtu anayeuliza tu "nitakatwa ngapi" akajibiwa kato la mwezi wa kwanza hawezi kujua yuko kwenye riba ipi. Ukurasa lazima useme kwa mfano wa pesa kamili: ukikopa milioni 1 kwa mwaka, kato la kwanza ni hili, la mwisho ni hili, jumla utarudisha hii, na ada ya fomu na bima ya mkopo ni kiasi hiki. Mkiweka jedwali la milioni 1, 3 na 5 simu zitapungua naapa. Na chini yake tarehe, "viwango hivi ni vya kuanzia mwezi fulani mwaka fulani", maana jedwali lisilo na tarehe mtu haliamini, anapiga simu kuhakikisha.

SACCOS zetu sasa hivi zina leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndo inazitoa. Namba ya leseni iwekeni mahali panapoonekana, mstari mmoja tu unatosha. Matapeli wa mikopo ya mtandaoni wamejaa na mtu mwenye akili anatafuta hiyo namba kabla hajatuma kitambulisho chake.

---

sauti_kisauni

Habari zenu kutoka Mombasa. Nimefuata huu mjadala kwa hamu kwa sababu mimi ni msomaji ambaye macho hayaoni, natumia programu inayosoma skrini kwa sauti, kwenye simu TalkBack na kwenye kompyuta NVDA. Mnasema wenye macho wanapitisha jicho juujuu, basi na sisi twafanya hivyohivyo kwa masikio. Sisikilizi ukurasa mzima. Naruka kichwa hadi kichwa, au naiambia programu initajie viungo vyote vya ukurasa, yaani yale maneno ukiyagusa yanakufungulia kitu kingine. Sasa nikifanya hivyo kwenye tovuti nyingi nasikia: bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, bofya hapa. Hapa ni wapi? Kiungo kiwe na jina la kile kitakachofunguka, "Fomu ya mkopo wa ada, PDF kurasa 3", nikisikia hivyo peke yake bila sentensi inayozunguka najua niende au nipite.

Vichwa navyo viwe vichwa kweli kwenye mtambo, sio maandishi ya kawaida yaliyokolezwa wino. Yakikolezwa tu mwenye macho ataona kichwa, mie kwangu hakuna kichwa, ni aya moja toka juu hadi chini.

Na kuna jambo ambalo sijaona mtu akilitaja popote na linanikera sana. Ukurasa una mahali kwenye msimbo wake panaposema uko kwa lugha gani. Programu nyingi za kutengeneza tovuti zinakuja na Kiingereza tayari, fundi akisahau kubadilisha, programu yangu inaambiwa hiki ni Kiingereza, basi inakisoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Hebu fikiria "uje na kitambulisho" ikisomwa na Mwingereza ambaye hajawahi kusikia Kiswahili. Hakuna linaloeleweka, hata mngeandika sentensi nzuri namna gani. Dawa yake ni kuweka herufi mbili, sw, mahali pa en. Fundi anafanya kwa dakika moja. Sauti za Kiswahili zipo, eSpeak inayo na ya Google kwenye Android inayo, lakini haziwezi kujua ziitike kama ukurasa haujasema.

Yale matangazo ya picha nayo, bango la "Mkutano Mkuu" lenye tarehe na ukumbi ndani ya picha, kwangu ni kimya. Muandike tarehe na ukumbi chini yake.

---

fundi_wa_kurasa

Hili la lugha ya ukurasa dada umenifungua, nimeingia sasa hivi kuangalia tovuti za wateja wangu na naanza kuzibadilisha usiku huu. Ubarikiwe. msaidizi_moro mwambie kijana wako, kama ametumia WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, ipo kwenye mipangilio ya jumla, lugha ya tovuti, sio kazi.

---

msaidizi_moro

Wakuu sina cha kuwalipa. Daftari lipo mapokezi toka majuzi na kweli swali linaloongoza ni "naweza kupata ngapi", linalofuata "inatoka lini". Nimekaa na mhasibu akanithibitishia riba yetu ni ya salio, kumbe hiyo nafuu yote tulikuwa nayo na hatujawahi kuisema. Nimeandika juu ya ukurasa wa mkopo wa ada hivi, naombeni mnikosoe bila huruma:

"Ada ya shule: kopa hadi mara tatu ya akiba yako

Ukiwa na akiba ya shilingi 800,000 unaweza kukopa hadi 2,400,000. Unatakiwa uwe mwanachama kwa miezi mitatu au zaidi, na kato lako la mwezi lisizidi theluthi moja ya mshahara.

Pesa inatoka lini

Kamati inakaa kila Jumatano. Fomu ikifika kabla ya Jumanne saa 6 mchana, pesa inaingia kwenye akaunti yako siku chache baada ya kikao.

Uje na vitu hivi

Fomu iliyojazwa, ikiwa na sahihi za wadhamini wawili ambao ni wanachama. Hati ya mshahara, yaani salari slipu, za miezi mitatu ya mwisho. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Utakatwa kiasi gani

Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi ya salio linalobaki. Ukikopa 1,000,000 kwa miezi 12, kato la kwanza ni 98,333, la mwisho ni 84,583, jumla utarudisha 1,097,500."

Chini ndo kuna jedwali, fomu, halafu kiungo cha sera ya mikopo. Salamu za mwenyekiti nimezihamishia ukurasa wa kuhusu chama, hakukataa, alisoma akasema hata yeye leo ndo ameielewa riba.

---

hesabu_kwanza

Safi sana. Ila ada ya fomu na bima hujaziweka kwenye huo mfano, zipo kwenye jedwali au hazipo kabisa? Kama zipo zitaje hapohapo juu, mtu asije akakutana nazo dirishani.

---

kalamu_nyeusi

Imekaa vizuri mno. Vitu vya kuja navyo vipange kila kimoja mstari wake, mtu atakuwa anavikagua huku ameshika simu. Kabla hujairusha mpe simu mwanachama mmoja aliyekuja ofisini kwa shida nyingine kabisa, mwambie mtoto wako ana ada ya milioni 1, tafuta humu uje na nini na utakatwa ngapi. Halafu ukae kimya usimwelekeze, uangalie kidole chake kinasimama wapi. Ukifanya kwa watu wanne watano wa rika tofauti utaona pa kurekebisha. Kwenye NIDA mwambie mtu unaitaka ya nini, tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 watu wana haki ya kujua namba yao inakwenda kufanya kazi gani.

---

bi_mkubwa_tanga

Mwanangu umefanya kazi nzuri. Hapo kwenye "siku chache" ndipo simu itakapoita. Kama ni siku mbili andika siku mbili, kama ni Ijumaa andika Ijumaa.

---

msaidizi_moro

Shikamoo bibi. Mhasibu anasema benki yetu ikipokea orodha Alhamisi, Ijumaa jioni pesa ipo, isipokuwa wiki yenye sikukuu. Naandika "Ijumaa ya wiki hiyohiyo, kukiwa na sikukuu katikati ni Jumatatu". Ada ya fomu na bima naziingiza leo, na kwenye namba ya NIDA nimeongeza kwamba ni kwa ajili ya kuhakiki jina lako kwa mujibu wa leseni. Kesho naanza kuwapa watu simu pale mapokezi.

---

sauti_kisauni

Ikishakuwa hewani niwekee anwani hapa, nitaipitia kwa TalkBack nikuambie yasikikaje.